Mwimbaji Akiondoka, Bendi Hubaki na Nini?

Tangu mwimbishaji wa kwaya yetu alipomaliza Kidato cha Nne, ubishi haukomi mabwenini. Wako wasemao kuwa kwaya imekufa. Wako na wengine wasemao kuwa mtu mmoja si kwaya, basi asimame mwingine mahali pake na mambo yaendelee kama kawaida. Mimi naona pande zote mbili zimekosea, na ili nieleze sababu, nawaomba wasomaji tutoke Kasanda kwa muda kidogo twende Dar es Salaam, kwenye bendi za dansi ambazo babu zetu walizisikiliza huku milimani kwa redio za betri.

Kwanza yafaa tujue bendi hizo zilivyokuwa. Aghalabu vyombo havikuwa mali ya wapigaji. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: ikawa JUWATA, halafu OTTU, na mwisho Msondo Ngoma. Mlimani Park ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, yaani DDC. Magitaa, ngoma, tarumbeta na vipaza sauti vilikuwa vya mwenye bendi. Kwa hiyo mwimbaji alipohama hakuondoka na kitu ila koo lake na nyimbo zilizokuwa kichwani mwake. Lakini nyimbo hizo si jambo dogo, maana katika bendi zetu mwimbaji mara nyingi ndiye mtungaji pia.

Sasa tutazame jinsi wimbo unavyotengenezwa. Mtungaji huja na maneno na sauti ya kuimbia. Wapigaji huketi naye. Mpigaji wa gitaa la solo hutafuta njia ya kumfuata, wa ridhimu na wa besi hutafuta mwendo, na wapuliza tarumbeta na saksafoni hutafuta majibu ya kutia kati ya ubeti na ubeti. Kisha wimbo hupangiwa ufunguo, na ufunguo hufuata koo la mwimbaji. Hapa ndipo penye siri. Akija mwimbaji mpya mwenye sauti ya juu, wimbo hupandishwa. Ukipandishwa, mpiga gitaa hulazimika kuhamisha vidole juu zaidi kwenye shingo ya gitaa, na nyuzi alizozoea kuziacha wazi zivume haziwezi tena kuvuma, basi mlio huwa mwembamba. Mpuliza tarumbeta aliyekuwa akipuliza kwa raha sasa anakodoa macho. Tena mwimbaji mwenye pumzi fupi hukata maneno mapema, na pengo lile hapana budi lizibwe na chombo. Limebadilishwa koo moja tu, lakini kila mtu jukwaani amesogea.

Mfano mzuri ni wa Muhiddin Maalim Gurumo, mzaliwa wa Kisarawe. Alikuwamo NUTA tangu mwaka ule wa 1964. Mwaka 1978 akahamia Mlimani Park, ambayo mtindo wake uliitwa Sikinde. (Msondo na Sikinde yote ni majina ya ngoma za Wazaramo, bendi hizi hazikuona haya kuchota nyumbani.) Huko Mlimani aliimba pamoja na Hassan Rehani Bichuka. Sauti ya Bichuka ni ya juu na nyororo, ya Gurumo ni ya chini na nzito kidogo, na wawili hao wakipokezana msikilizaji alijiona yumo barazani anasikiliza watu wazima wakizungumza.

Mwaka 1985 Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwachukua wanamuziki sita wa Mlimani kwa mpigo, wakiwamo Gurumo na mpiga gitaa Abel Baltazar. Pigo kama hilo lingetosha kuiua bendi. Sikinde haikufa. Alibaki Michael Enoch, aliyepata kupiga gitaa la solo katika Dar es Salaam Jazz, na ambaye Mlimani alishika saksafoni tena akawa mpangaji wa nyimbo. Yeye alijua wapi tarumbeta zijibu na wapi zinyamaze. Waimbaji wengine waliingia katika nyumba ambayo nguzo zake zilikuwa bado zimesimama, na mpenzi wa Sikinde aliitambua bendi yake kwa milio ya kwanza ya tarumbeta, kabla mtu hajafungua kinywa.

Kule walikohamia mambo yalikuwa kinyume. Orchestra Safari Sound ilikuwa imejulikana kwa mtindo wa Masantula, chini ya Ndala Kasheba, mzaliwa wa Kongo aliyesifika kwa gitaa lake la nyuzi kumi na mbili. Walipoingia akina Gurumo mtindo ukawa Ndekule. Jina la bendi lilibaki lile lile, bali sauti ilikuwa nyingine kabisa, kwa kuwa hawakuja waimbaji tu. Walikuja watungaji na wapigaji pamoja nao.

Hata ng'ambo imekuwa hivyo. Mwaka 1980 bendi ya AC/DC ya Australia ilifiwa na mwimbaji wake, Bon Scott. Akaja Brian Johnson, mwenye sauti kali zaidi, na mwaka huo huo wakatoa santuri iliyouzwa dunia nzima. Ndugu wawili wapiga magitaa, Malcolm na Angus Young, hawakuwa wameondoka.

Gurumo mwenyewe aliirudia bendi yake ya zamani katika miaka ya 1990, akaimba humo hadi alipostaafu mwaka 2013. Alifariki mwaka uliofuata.

Turudi kwenye kwaya. Aliyechaguliwa ni dada yetu wa Kidato cha Pili, na kwa wiki tatu sasa tunamlazimisha aimbe katika ufunguo wa kaka aliyeondoka. Kwenye ubeti sauti yake inazama hata walio nyuma hawamsikii, kisha tunasema hana sauti! Anayo, sisi ndio tuliomfukia. Nyimbo zipandishwe hatua tatu au nne. Wenye sauti ya nne watanung'unika, lakini mpiga ngoma na yule anayetupangia sauti wako Kidato cha Tatu, wangali nasi mwaka mzima, na kazi hiyo wanaiweza. Tena nimesikia kuwa dada huyo ana wimbo wake alioutunga likizo, na mpaka leo hapana aliyemwomba auimbe. Mazoezi ni Jumamosi baada ya usafi.