Asilimia 99.9 ya Nini? Namna ya Kusoma Vipimo vya Nyuso Zinazoua Virusi kwa Mwanga

Muuguzi mfawidhi wa wodi ya watoto aliniletea kijitabu cha mfanyabiashara aliyetaka kupaka rangi maalumu katika wodi nzima: reli za vitanda, vitasa vya milango, meza za dawa. Kijitabu kilidai kwamba rangi hiyo, ikimulikwa, huua asilimia 99.9 ya virusi, na kiliambatanishwa na cheti cha maabara. Muuguzi alitaka kujua kama fedha zilizotengwa kwa ajili ya klorini na sabuni zingeweza kuelekezwa huko. Cheti kilikuwa halali. Kazi ilikuwa kukisoma.

Kiini cha rangi nyingi za aina hii ni oksidi ya titani, unga mweupe uleule unaotiwa katika rangi za kuta. Mwaka 1972 Akira Fujishima na Kenichi Honda wa Japani walichapisha katika jarida la Nature kwamba elektrodi ya oksidi hiyo, ikipigwa na mwanga, husaidia kuyatenganisha maji kuwa oksijeni na haidrojeni. Mwaka 1985 Tadashi Matsunaga na wenzake wakaonyesha kwamba chembe zake zikimulikwa huua vijidudu. Mwanga huzitoa elektroni mahali pake, na nafasi zinazobaki huunyang'anya elektroni unyevu uliotanda juu ya uso. Hapo huzaliwa radikali za hidroksili na aina nyingine kali za oksijeni, ambazo huharibu protini za kirusi, utando wake wa mafuta kama anao, na hata RNA au DNA yake. Oksidi yenyewe haiishi. Lakini radikali hizo hudumu kwa muda mfupi mno, chini ya sehemu moja ya milioni ya sekunde, kwa hiyo hudhuru kile tu kinachogusana na uso.

Maabara hupimaje? Kiwango cha kimataifa ISO 18061 cha mwaka 2014, na mwenzake ISO 18071 cha mwaka 2016 kinachohusu mwanga wa ndani ya nyumba, havitumii virusi vya binadamu bali bakteriofaji Q-beta, kirusi kinachoshambulia bakteria wa E. coli na kisichoweza kumwambukiza mtaalamu wa maabara. Uchaguzi huu ni wa busara. Q-beta hakina utando wa mafuta, na kwa kawaida virusi visivyo na utando huo ni wagumu kuuawa kuliko vile vya korona au mafua. Tone la majimaji yenye virusi huwekwa juu ya kipande cha nyenzo, hufunikwa kwa utando mwembamba wa plastiki ili litandae sawasawa na lisikauke, kisha humulikwa kwa saa kadhaa. Baadaye majimaji husuuzwa na kuchanganywa na bakteria katika sahani ya agari. Siku inayofuata panapoonekana doa angavu katikati ya utando wa bakteria, hapo palikuwa na kirusi kilichobaki hai, na madoa huhesabiwa moja moja.

Matokeo huandikwa kwa logi. Logi 1 ni kupungua kwa asilimia 90, logi 2 asilimia 99, logi 3 asilimia 99.9. Cheti cha muuguzi wetu kilionyesha logi 3 baada ya saa 8, na maneno haya ya mwisho yalikuwa yamechapwa kwa herufi ndogo sana. Tufanye hesabu. Kasi ikiwa ni ileile muda wote, logi 1 huhitaji dakika 160. Mtoto akikohoa juu ya reli, na mwenzake akaishika dakika 10 baadaye, virusi zaidi ya 8 katika kila 10 bado vipo. Kwa kulinganisha, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Mei 2020 kuhusu usafishaji wa nyuso ulipendekeza klorini ya asilimia 0.1 iachwe juu ya uso uliokwisha kusafishwa kwa angalau dakika 1.

Lipo pia suala la mwanga wenyewe. Oksidi ya titani ya kawaida huamshwa na mwanga wa urefu wa wimbi usiozidi nanomita 390 hivi, yaani urujuanimno. Taa nyingi nyeupe za LED zilizo wodini hazitoi urujuanimno wa kutajika, hata zikiangaza vipi. Kipimo cha laksi hakisaidii hapa, kwa sababu hupima mwanga kama jicho linavyouona, na jicho halioni urujuanimno. Kwa hiyo watengenezaji huongeza shaba, au hubadili oksidi kwa namna nyingine, ili iitikie mwanga unaoonekana. Hata hivyo, upande wa chini wa kitasa, ambao ndio vidole hushika, hukaa kivulini, na usiku taa huzimwa ili watoto walale.

Tena, kipande cha maabara ni safi. Reli ya kitanda ina jasho, mate, uji uliomwagika na vumbi. Radikali haichagui: huunguza protini ya kamasi kama inavyounguza ya kirusi, na kirusi kilicho juu ya tabaka la uchafu hakifikiwi. Uso wa aina hii huhitaji kufutwa kama uso mwingine wowote, na kabla ya kununua ni haki kuuliza kama rangi itastahimili klorini na kusuguliwa kila siku.

Swali ninalolipenda kuliko yote ni la giza. Jaribio kamili lina vipande vya aina nne: vilivyopakwa na visivyopakwa, kila aina mwangani na gizani. Kisichopakwa kilicho mwangani hutuonyesha virusi vilivyouawa na mwanga peke yake au vilivyojifia tu. Kilichopakwa kilicho gizani hutuonyesha kama kuna kitu kingine kinachoua, mathalani ioni za shaba au za fedha. Cheti kilikuwa na safu moja tu, kwa hiyo nilimshauri muuguzi aiombe ripoti nzima.

Ililetwa baada ya wiki mbili, kurasa kumi na moja. Safu ya giza ilikuwa katika ukurasa wa tisa, na namba zake zilikaribiana sana na zile za mwanga. Rangi ilikuwa ikiua virusi kwa shaba, polepole, taa ikiwaka au ikizimwa. Fedha za klorini zilibaki mahali pake. Muuguzi aliomba tu vitasa viwili vya mlango wa choo vipakwe kwa majaribio, kwa gharama ya muuzaji, na vifutwe kila zamu kama vingine.