Anayepimwa ni Mtoto, Si Farasi

Kwenye maonyesho ya kilimo ya kiangazi huko Marekani kuna shindano ambalo mgeni anaweza kulitazama hadi mwisho akadhani halijaanza. Msichana wa miaka 13 au 14 anaingia uwanjani kwa miguu, akiongoza farasi wa kilo 500 kwa kamba. Hampandi. Anatembea naye, anakwenda naye mchakamchaka, anamgeuza, anamrudisha nyuma, basi. Umbo la farasi na nasaba yake havina alama hapa. Anayepewa alama ni aliyemshika.

Wengi huanzia kwenye vilabu vya 4-H, ambavyo asili yake ni klabu ya vijana wa shamba aliyoianzisha A. B. Graham huko Ohio mwaka 1902. Wanaoupenda mchezo huendelea hadi mashindano ya chama cha farasi aina ya Quarter Horse, kilichoundwa Fort Worth, Texas, mwaka 1940.

Maandalizi ni marefu kuliko shindano lenyewe. Farasi huoshwa, nywele za puani hunyolewa, singa hufungwa vishungivishungi kwa vimpira, kwato hupakwa rangi nyeusi. Mpangilio wa hatua hubandikwa mapema, na mtoto huukariri.

Mimi huvutiwa zaidi na pale farasi anaposimamishwa. Miguu yote 4 inatakiwa ikae mraba, na ni mwiko kumgusa farasi kwa mkono au kuusogeza ukwato kwa kiatu. Mtoto huvuta kamba kidogo, hungoja, huilegeza. Ukwato mmoja unasogea kidogo. Anatazama, anavuta tena. Miezi ya mazoezi nyuma ya banda imejificha katika sekunde hizo chache.

Kisha mwamuzi huanza kumzunguka farasi. Mwamuzi akiwa mbele, mtoto husimama upande wa pili asimkinge. Mwamuzi akipita bega kwenda nyuma, mtoto huvuka upesi aje upande aliko mwamuzi. Kuna sababu nzito: farasi akishtuka, mtoto akakivuta kichwa kwake, makalio yatakwenda upande mwingine na mateke hayatampata mtu. Adabu na usalama vimeshikana hapo, nami naona ndiyo sehemu yenye akili kuliko zote. Farasi anapotakiwa kugeuka kwa mzunguko mkubwa, husukumwa kulia, mguu wa nyuma wa kulia ukibaki pale pale kama mhimili, na mtoto humzunguka kwa mwendo wa haraka bila kumkodolea macho.

Kwa kuwa anayepimwa ni mtoto, si farasi, familia isiyo na fedha za kununua farasi wa ukoo maarufu huupenda mchezo huu. Farasi mzee wa shambani, aliyelishwa vizuri na kufundishwa kila jioni, huweza kumpatia mwenyewe utepe wa kwanza mbele ya farasi wa bei kubwa.