Kuuza Matini Tayari: Ni Nini Hasa Kinachouzwa?

Kwa muda sasa wanafunzi wetu wa mwaka wa tatu, na hata walimu wenzetu wa shule za sekondari, wamekuwa wakituuliza swali moja: je, ni halali, na ni busara, kwa mtu aliyesomea Kiswahili kuandika makala, kuyaweka akiba, kisha kumuuzia yeyote anayeyataka, naye akayatia jina lake? Biashara hiyo ipo na ina kanuni zake. Tungependa kuieleza hapa, kwa kuwa wengi huiingia bila kujua wanauza nini. Mifano yetu kadhaa tumeichota Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru nchini Zambia, anakotoka mwanafunzi wetu mmoja aliyeanza kuandika kwa namna hii.

Mwandishi wa kujitegemea amezoea kuagizwa. Mteja husema anataka maneno mia tano kuhusu malaria, mwandishi huandika, hulipwa, na kazi huwa ya mteja huyo peke yake. Matini tayari huenda kinyumenyume. Huandikwa kwanza, mnunuzi hutafutwa baadaye, na matini ileile huuzwa kwa wanunuzi wengi. Wanunuzi hao ni wenye tovuti, waandaaji wa vijarida vya barua pepe, wachapishaji wa vijitabu na watu wa matangazo. Kila mmoja hulipa kidogo kwa sababu anajua hakununua peke yake. Mwandishi naye hupata faida kwa kuuza mara nyingi kitu alichokitolea jasho mara moja.

Aliyepita soko la Kashikishi, jirani na Nchelenge, ataielewa biashara hii upesi. Chisense, samaki wadogo wa jamii ya dagaa, huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani, kisha huuzwa kwa wachuuzi wanaowasafirisha hadi miji ya Copperbelt na hata Kongo. Mwanikaji haulizi samaki wake watafungashwa upya kwa jina la nani. Hata hivyo mfano huu una mpaka wake. Chisense akiuzwa ameondoka, lakini matini ikiuzwa inabaki kwako vilevile. Kwa hiyo mwenye matini tayari hauzi matini. Anauza ruhusa ya kuitumia, na ruhusa hizo hazilingani.

Iliyo ndogo kabisa ni ruhusa ya kusoma na kutumia binafsi, kama anunuavyo mtu kitabu. Juu yake kuna ruhusa ya kuuza tena: mnunuzi anaweza kuiuza matini kwa wasomaji wake, ila hawezi kuibadili wala kuondoa jina la mwandishi. Kubwa zaidi ni ile inayomwezesha kuikata, kuiongezea, kuibadili kichwa na kuitia jina lake mwenyewe. Hii ya tatu ndiyo inayotafutwa sana sokoni, na ndiyo yenye hatari. Ndani yake kuna swali dogo ambalo wengi hulisahau: je, mnunuzi anaweza naye kuwapa wanunuzi wake ruhusa hiyohiyo? Leseni isipolikataza jambo hilo, kila mnunuzi anageuka muuzaji anayeshindana nawe, na baada ya muda mfupi matini yako inagawiwa bure. Hapo umeuza dagaa na wavu pamoja.

Tuchukulie mwandishi ana makala kumi. Akiagizwa na mteja mmoja kwa kwacha 150 kwa kila makala, atapata kwacha 1,500 na habari imeishia hapo. Akiyafunga pamoja yakawa fungu moja la kwacha 100, anahitaji wanunuzi kumi na watano ili apate kiasi hicho hicho, na wa kumi na sita kuendelea ni faida. Hesabu hii inavutia, na wenye kuipigia debe huishia hapo. Hawasemi kwamba kupata wanunuzi kumi na watano ni kazi nyingine kabisa, wala kwamba mnunuzi wa ishirini anapata kitu kilichokwisha kuonekana mahali kumi na tisa. Ndiyo maana wauzaji waangalifu hutangaza ukomo, kwa mfano nakala 25 tu, kisha hulifunga fungu. Ukomo huo ni ahadi, na mwandishi akiuvunja hatanunuliwa tena.

Soko lenyewe limebadilika mara mbili. Mwaka 2011 Google ilirekebisha mtambo wake wa kutafutia ili kuzishusha tovuti zenye makala hafifu au ya kunakili, na waliokuwa wakiishi kwa kubandika matini zilezile kila mahali walipata hasara. Kisha kuanzia mwishoni mwa 2022 zikaenea programu zinazoandika zenyewe. Makala ya jumla kama "Faida kumi za kunywa maji" leo hayana bei, kwani yeyote anaweza kuyapata kwa dakika moja. Yanayobaki na thamani ni yale yenye maarifa ya mahali: jinsi chisense anavyoanikwa asipate mchanga, mambo ambayo msafiri wa mashua anapaswa kuyaangalia kabla ya kuvuka ziwa, maana ya marufuku ya uvuvi ya kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari kwa familia inayotegemea samaki. Huko mwanafunzi wa pwani ya Mweru ana mtaji ambao sisi tuliokaa maktaba hatunao.

Ana mtaji wa lugha pia, ingawa huu una utata. Ng'ambo ya Nchelenge kuna mji wa Kilwa wa Kongo (usiuchanganye na Kilwa Kisiwani, wala na kisiwa cha Kilwa kilichomo ziwani humo upande wa Zambia). Nchelenge penyewe lugha ya wengi ni Kibemba, lakini biashara na Wakongo huendeshwa pia kwa Kiswahili cha Katanga, ambacho husema "batu bote" pale tunapofundisha "watu wote", na "samaki mingi" pale tunaposahihisha "samaki wengi". Matini iliyoandikwa kwa Kiswahili sanifu itanunuliwa Dar es Salaam na Nairobi. Ikiandikwa kama wanavyosema Kilwa ya Kongo, itasomwa na mvuvi mwenyewe. Kwa maoni yetu mwandishi mwenye akili atatayarisha zote mbili na kuziuza kama bidhaa mbili. Haja ya maandishi ipo: Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi ya nne mwaka 2019, na Kongo ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022.

Tuje sasa kwenye jina, maana hapo ndipo palipo na uzito. Sheria za hakimiliki katika nchi zetu (ya Zambia ni ya mwaka 1994, ya Tanzania 1999, ya Kenya 2001) humpa mwandishi hakimiliki bila sharti la kuisajili kwanza. Ile ya Kenya inasema wazi kwamba kuhamisha hakimiliki hakuna nguvu kusipofanywa kwa maandishi. Aidha, Mkataba wa Berne katika kifungu chake cha 6 bis unamwachia mwandishi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mtunzi, na ya kupinga upotoshaji wa kazi yake unaomvunjia heshima, hata baada ya kuuza haki za kiuchumi. Anayeuza ruhusa ya tatu anakubali kutoidai haki hiyo. Si kosa kukubali, ila akubali akiwa anajua.

Fani yetu wenyewe inatoa mfano. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo alikuwa mwalimu wa Kiswahili Berlin kuanzia mwaka 1900, na maandishi yake ni sehemu kubwa ya kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotoka mwaka 1903. Kilitoka kwa jina la Carl Velten, na kwa miaka mingi wanafunzi walikitaja kama kitabu cha Velten. Jina la Mtoro lilikuja kuwekwa kwenye ukurasa wa kichwa katika tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen ya mwaka 1981, miaka 78 baadaye, naye Mtoro alikuwa amekwisha kufa tangu 1927. Linganisha na Tippu Tip. Masimulizi yake, ambamo vita vyake na Nsama wa Itawa katika nchi iliyo kati ya Tanganyika na Mweru vimo, yalitolewa Berlin na Heinrich Brode mwaka 1902 na 1903, lakini yalibaki na jina la msimuliaji, na hadi leo ni ya Tippu Tip. Wote wawili maneno yao yalipita mikononi mwa Wajerumani. Tofauti ni kile kilichoandikwa juu ya jalada.

Lazima tutenge pia biashara nyingine inayofanana na hii kwa mbali. Kumwandikia mwanafunzi insha ya kuwasilisha kwa mwalimu wake, kazi ambayo imewapa kipato vijana wengi wa Nairobi, si kuuza matini tayari. Ni kushiriki udanganyifu, na Uingereza iliiharamisha huduma hiyo kwa sheria ya mwaka 2022.

Mwanafunzi wetu wa Nchelenge alikuwa na makala kumi na mawili. Tulimshauri ayatenge mawili ya afya. Moja lilieleza namna ya kuchanganya maji ya chumvi na sukari kwa mgonjwa wa kipindupindu, ugonjwa unaojulikana sana katika kambi za wavuvi: lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa. Mwenye ruhusa ya kubadili anaweza kuandika kijiko kizima badala ya nusu, au vijiko vya mezani badala ya vya chai, na mtoto akaumia. Matini iliyokwisha kuuzwa kwa watu ishirini haiwezi kurudishwa ikasahihishwa. Makala hayo mawili anayatoa bure, kwa jina lake, kwa sharti kwamba yasiguswe hata neno. Yale kumi ameyafunga pamoja, nakala 20 tu, na leseni ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili inayomkataza mnunuzi kuwapa wengine ruhusa ya kuuza. Hadi tunapoandika ameuza nakala sita. Mnunuzi wa saba anataka neno "chisense" libadilishwe liwe "dagaa" kote, naye amemjibu kwamba ruhusa ya kubadili anayo tayari, abadilishe mwenyewe.