Ruta ndogo ya safari: Namna ya kufungua kufuli la kiwandani bila kuua kifaa

KWA mwalimu, mganga au mfanyabiashara anayetoka Makambako kwenda Lugarawa, wilayani Ludewa, ruta ndogo inayoenea kiganjani ni mzigo mwepesi wenye manufaa makubwa.

Kifaa hicho huchukua intaneti ya modemu moja na kuigawa kwa kompyuta na simu kadhaa bila waya. Kwa kuwa hutumia umeme wa volti 5 tu, kinaweza kuendeshwa hata kwa betri ya kuchajia simu pale umeme unapokatika.

Hata hivyo, wanunuzi wengi hugundua baadaye kwamba kifaa walichokilipia hakiwatii. Programu iliyowekwa ndani yake kiwandani hutambua modemu za aina chache, haipokei tena marekebisho ya usalama, na hukataa kuondolewa.

Mfano unaofahamika sana ni TL-WR703N ya kampuni ya TP-Link, iliyoingia katika soko la China mwaka 2011. Kurasa zake za mipangilio ziliandikwa kwa Kichina pekee, ilhali kifaa chenyewe kilisambaa katika nchi nyingi kutokana na bei yake ndogo.

Tiba iliyopatikana ni OpenWrt, ambayo ni programu huria ya kuendesha ruta. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, hivyo mtu yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuurekebisha na kuusambaza.

Dhana hiyo si ngeni nchini. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu huria za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili.

OpenWrt nayo ilianza mwaka huohuo wa 2004. Chimbuko lake ni ruta ya Linksys WRT54G, iliyobainika kutumia Linux, mfumo ambao leseni yake humtaka anayeusambaza atoe pia msimbo wake. Mwaka 2003 kampuni hiyo ilitoa msimbo huo baada ya kushinikizwa, na wataalamu wakaanza kujitengenezea programu zao.

Kufuli lenyewe likoje?

Kwa kawaida, ruta huwa na ukurasa wa kupandishia toleo jipya la programu. Katika WR703N za mwanzo, ilitosha kupakia faili la OpenWrt kupitia ukurasa huo na kusubiri dakika chache.

Matoleo ya baadaye yaliziba njia hiyo kwa kukagua faili na kulikataa lisilotoka kiwandani. Wataalamu walitafuta njia nyingine mbili: kutumia udhaifu uliokuwamo katika kurasa za mipangilio, au kufungua kasha na kuunganisha nyaya nyembamba kwenye bodi ili kuzungumza na programu ya kuwashia moja kwa moja.

Baadhi ya ruta zina mlango wa dharura. Ukishikilia kitufe cha kurejesha mipangilio wakati wa kuiwasha, programu ya kuwashia huomba faili kutoka kwenye kompyuta iliyounganishwa kwa waya, kwa utaratibu uitwao TFTP.

Hatua za tahadhari

Jambo la kwanza ni kusoma kibandiko kilicho chini ya kifaa. Jina la modeli pekee halitoshi, kwa kuwa modeli moja huweza kuwa na matoleo kadhaa yenye vipuri tofauti kabisa. Faili la toleo la pili likiwekwa katika toleo la kwanza laweza kuizima ruta moja kwa moja.

Pili, faili lipakuliwe kutoka kwa OpenWrt wenyewe, na alama yake ya uhakiki ilinganishwe na iliyotangazwa. Anayetoka kwenye programu ya kiwandani huchukua faili la aina ya "factory". Lile la "sysupgrade" ni la mwenye OpenWrt tayari.

Tatu, kazi ifanyike kwa waya wa mtandao, na umeme uwe wa uhakika. Umeme ukikatika katikati ya uandishi, kifaa huweza kubaki na programu nusu na kushindwa kuwaka.

Nne, mara baada ya kufanikiwa, ihifadhiwe nakala ya sehemu ya kumbukumbu iitwayo "art". Humo mna vipimo vya redio vya kifaa hicho pekee. Vikifutika bila nakala, Wi-Fi huharibika na hakuna faili la kupakua litakalovirudisha.

OpenWrt inapowaka mara ya kwanza hupatikana kwa anwani 192.168.1.1, bila nywila, na kwa vifaa vingi Wi-Fi huwa imezimwa. Mtumiaji anapaswa kuweka nywila kwanza, ndipo awashe Wi-Fi na kuchagua nchi aliyopo.

Uchaguzi wa nchi si pambo, kwani ndio unaoamua masafa na nguvu ya mawimbi. Hapa nchini eneo hilo husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), na kufungua ruta hakumpi mtu ruhusa ya kuvuka viwango vilivyowekwa.

Suala hilo liliwahi kuigusa TP-Link yenyewe. Mwaka 2016 ilikubali kulipa dola 200,000 kwa Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, kwa sababu baadhi ya ruta zake ziliweza kuongezwa nguvu kupita kiwango. Katika makubaliano hayohayo, iliahidi kushughulikia namna ya kuruhusu programu za watu wengine katika ruta zake.

Ukomo wake

Programu huria haifanyi miujiza. WR703N ina kumbukumbu ya kuhifadhia ya megabaiti 4 na ya kufanyia kazi ya megabaiti 32. Tangu toleo la 21.02 la mwaka 2021, OpenWrt huhitaji angalau megabaiti 8 na 64, hivyo kifaa hicho kimebaki na matoleo ya zamani yasiyorekebishwa tena.

Kwa sababu hiyo, anayenunua leo hana haja ya kuhangaika na kufuli. Zipo ruta ndogo, zikiwamo za GL.iNet, zinazouzwa zikiwa na programu iliyojengwa juu ya OpenWrt. Mwaka 2024 ilitoka pia OpenWrt One, ruta iliyobuniwa na wanamradi wenyewe.

Aliye na ruta ya zamani apime kwanza. Kama ndiyo pekee inayohudumia shule au zahanati, asiijaribie huko. Ruta ikifia Lugarawa, mwenye vifaa vya kuifufua huenda akapatikana Njombe mjini au Makambako, na hadi atakapopatikana, kompyuta zote zilizoitegemea zitakuwa nje ya mtandao.

Ni vyema kazi hiyo ikafanyika mjini kabla ya safari, ruta ya akiba ikiwa mkononi, na faili la kiwandani likiwa limehifadhiwa kwenye kompyuta.