Maji Yapo, Wageni Wapo, Mikono Haitoshi

Saa kumi na mbili jioni huko Hakone, mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa treni kutoka Tokyo, mgeni ameketi kwenye mkeka wa tatami akiwa amevaa yukata, vazi jepesi la pamba alilopewa na nyumba. Mbele yake zimepangwa sahani ndogondogo: vipande vya samaki mbichi, mboga zilizochachushwa, supu kwenye bakuli lenye kifuniko, na jiko dogo la mtu mmoja ambalo moto wake hudumu hadi uyoga uive, kisha hujizima. Mhudumu, ambaye Wajapani humwita nakai, hupiga magoti kila anapoweka sahani, akaeleza kilichomo, akainuka, akarudi jikoni. Wakati huohuo mtu mwingine ameingia chumbani kwa mgeni, amesogeza meza ukutani, ametoa magodoro kabatini na kuyatandika chini. Mgeni akirudi anakuta sebule imegeuka chumba cha kulala.

Ihesabu mikono iliyopita hapo. Hapo ndipo ilipo faida ya biashara hii, na hapo ndipo ulipo ugonjwa wake.

Ryokani, yaani nyumba ya wageni ya kienyeji ya Japani, haiuzi chumba. Inauza usiku mmoja pamoja na milo miwili, wa jioni na wa asubuhi, na bei hutajwa kwa kichwa. Wageni wengi wa kigeni hukosea hapo: wanaona yeni 20,000 wakidhani ni za chumba, kumbe ni za kila mtu. Anayesafiri peke yake naye mara nyingi huambiwa hakuna nafasi, kwa kuwa chumba cha tatami kinaweza kulaza watu wanne, na mwenye nyumba akimpa mtu mmoja anapoteza milo ya watatu. Nyumba ya kati hutoza kati ya yeni 15,000 na 30,000. Ile yenye bwawa la maji moto mlangoni mwa chumba hupita 50,000 bila shida. Juu yake kuna kodi ya kuoga, kwa kawaida yeni 150, inayokwenda kwenye halmashauri ya mji.

Ndiyo maana kuchelewa kwa mgeni ni hasara ya wazi. Mlango hufunguliwa saa tisa alasiri. Kufikia hapo samaki ameshanunuliwa na mpishi ameshaanza kazi. Anayeghairi siku ileile hutozwa sehemu kubwa ya bei, mara nyingine yote, na kwa maoni yangu ni haki.

Utajiri wa chini ya ardhi si tatizo. Sheria ya chemchemi ya mwaka 1948 inataka maji yatoke yakiwa na nyuzijoto 25 au zaidi, au yawe na kiasi kinachotakiwa cha walau kimoja kati ya vitu 19 vilivyoorodheshwa, ndipo yaitwe onseni. Mji wa Beppu pekee una vyanzo zaidi ya 2,000, na Kusatsu, mkoani Gunma, hububujisha zaidi ya lita 30,000 kila dakika. Ukongwe nao upo: Nishiyama Onsen Keiunkan ya Yamanashi huhesabiwa kuanzishwa mwaka 705, na Guinness inaitambua kuwa hoteli kongwe kuliko zote duniani.

Lakini ukongwe haulipi mkopo. Uchumi wa Japani ulipokuwa ukipaa, makampuni yalisomba wafanyakazi kwa mabasi kwenda kuoga, kula na kunywa pamoja. Kwa ajili ya karamu hizo, nyumba nyingi za mbao zilibomolewa na maghorofa ya zege yakasimama mahali pake, kwa fedha za benki. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 uchumi ukaporomoka na mabasi yakakatika. Kule Kinugawa, mkoani Tochigi, benki kubwa ya eneo hilo, Ashikaga, ilipochukuliwa na serikali mwaka 2003 baada ya kushindwa kujiendesha, hoteli zilizoiegemea nazo zikayumba. Magofu ya baadhi yake yangali kando ya mto. Nchi nzima ilikuwa na ryokani zaidi ya 80,000 karibu mwaka 1980. Kufikia 2017 zilibaki chini ya 40,000.

Kisha akaja mgeni kutoka nje. Mwaka 2003, serikali ilipoanza kampeni ya kuitangaza nchi, walioingia walikuwa kama milioni 5. Mwaka 2019 walikaribia milioni 32. Korona ikafunga mipaka hadi Oktoba 2022, na mwaka 2024 walifika karibu milioni 37, wakaacha zaidi ya yeni trilioni 8. Kilichowavuta zaidi ni fedha yenyewe. Mwanzoni mwa 2012 dola moja ilinunua yeni zisizofika 80. Katikati ya 2024 ilipita 160. Kwa hiyo usiku wa yeni 20,000 uliokuwa ukimgharimu Mmarekani dola 250 ukashuka hadi dola 125, na mwenye nyumba hajabadilisha bei hata kidogo. Furaha ya mgeni hapa ni ya kweli, lakini mwenye nyumba ananunua mafuta na gesi kwa yeni hizohizo zilizodhoofika.

Mgeni huyu ana maswali ambayo mzee wa kampuni ya Osaka hakuwahi kuyauliza. La kwanza ni la bafuni. Kwenye onseni watu huoga uchi, wanaume kwao na wanawake kwao; kila mtu hukaa kwanza kwenye kigoda, akajisugua kwa sabuni na kujisuuza, ndipo aingie bwawani. La pili ni la tatuu, ambazo Wajapani huzihusisha na magenge ya yakuza. Utafiti wa wakala wa utalii wa serikali mwaka 2015 ulikuta zaidi ya nusu ya nyumba zilizojibu zinawakataa wenye tatuu. Kwa Mwislamu wa Unguja, Mombasa au Muscat kuna la ziada: sitara, na jikoni ambako sake na mirini, ambazo ni pombe za mchele, huingia karibu katika kila mchuzi. Kuyatatua haya kunawezekana. Bwawa la faragha, linalokodishwa kwa saa kwa familia moja, hutatua uchi na tatuu kwa pamoja. Mpishi akiambiwa siku kadhaa kabla, anaweza kupanga chakula kingine. Ila kila ufumbuzi unadai mtu: wa kupanga zamu za bwawa, wa kujibu barua kwa Kiingereza, wa kupika chungu cha pili. Na watu ndio hawapo. Nchi inazeeka, vijana wa vijijini wamehamia Tokyo, na kazi ya nakai, inayoanza alfajiri, ikakatika mchana na kurudi hadi usiku, haina wagombeaji wengi.

Baadhi ya miji iligundua kwamba si lazima kila nyumba ifanye kila kitu. Kinosaki, mkoani Hyogo, una mabafu saba ya umma, na mgeni wa ryokani yoyote huingia akiwa na yukata yake na viatu vya mbao, bila kujali tatuu. Mpangilio huo haukuja kirahisi: mwaka 1927 nyumba moja ilitaka kuchimba bafu lake la ndani, wenyeji wakapinga, na ugomvi ukaendelea hadi 1950, walipokubaliana kwamba mabafu ya ndani yabaki madogo. Faida yake unaisikia usiku barabarani, viatu vikigonga lami na maduka yangali wazi. Kurokawa, Kumamoto, wenye nyumba kama thelathini tu, uliuza kuanzia mwaka 1986 kipande cha mbao kinachomruhusu mgeni kuoga katika nyumba tatu tofauti, na wenye nyumba wakang'oa mabango ya kila mmoja na kupanda miti.

Ryokani ya Jinya, mkoani Kanagawa, ilipita njia nyingine. Mwaka 2009 mtoto wa familia, mhandisi aliyetoka Honda, aliirithi pamoja na mkewe ikiwa na deni la takribani yeni bilioni 1. Alitengeneza programu ya kompyuta inayounganisha nafasi za vyumba, jikoni na zamu za wafanyakazi, kisha wakaziuzia nyumba nyingine. Hatua ninayoiheshimu zaidi ni ya mwaka 2014: walianza kufunga siku mbili kila wiki ili wafanyakazi wapumzike. Katika biashara ambayo kufunga mlango ilikuwa aibu, huo ni ujasiri.

Serikali nayo inahimiza kutenganisha chakula na malazi, mgeni alale hapa akale mjini. Mahali kama Kinosaki, penye migahawa, nakubali. Kwenye bonde lenye nyumba moja na mto, ushauri huo ni sawa na kumwambia mgeni alale njaa.

Wenye ryokani wana hofu nyingine inayotugusa. Japani inakadiriwa kuwa ya tatu duniani kwa hazina ya jotoardhi, takribani megawati 23,000, lakini umeme inaozalisha kwa mvuke haufiki megawati 700. Hazina kubwa imo ndani ya hifadhi za taifa, na wenye chemchemi hupinga kuchimba wakihofia maji yao yatakauka. Kenya, ambayo vituo vyake vya jotoardhi vya Olkaria vimefungwa mitambo ya Mitsubishi na Toshiba, imepita megawati 900. Mjapani anatuuzia mtambo ambao jirani yake hataki uwashwe nyumbani.

Mikono mipya imeanza kupatikana. Aprili 2019 Japani ilifungua viza ya ujuzi maalumu inayojumuisha kazi za hoteli, na Wanepali, Wavietinamu, Wamyanmari na Waindonesia wakaanza kuingia. Leo mgeni aliyetoka mbali anaweza kupigiwa magoti kwenye tatami na kijana aliyetoka mbali zaidi, aliyejifunza kwa miezi namna ya kufungua mlango wa karatasi kwa mikono miwili: kwanza nafasi ndogo ya vidole, kisha nusu, kisha wote.