Sauti ya Jogoo wa Pathé

Kabla televisheni haijaenea majumbani, Mwingereza aliyetaka kuiona dunia kwa macho yake alikwenda sinema. Huko, kabla ya mchezo wenyewe kuanza, zilionyeshwa kwanza picha za habari: vita, mafuriko, arusi za kifalme na mpira. Alama ya kampuni ya Pathé ilikuwa jogoo. Jogoo akishatokea, husikika sauti ya mwanamume, changamfu, ya mtu asiye na shaka na anenalo. Tangu 1940 hata 1970 sauti hiyo ilikuwa ya Bob Danvers-Walker. Walioijua sauti ni mamilioni. Walioujua uso wake ni wachache.

Bwana huyu alizaliwa Surrey mwaka 1906, akalelewa Tasmania, kisiwa cha Australia. Utangazaji aliuanzia Melbourne mwaka 1925, redio ingali changa. Mwaka 1932 alirudi Uingereza, kisha akawa mtangazaji wa Radio Normandy, stesheni iliyokuwa pwani ya Ufaransa, katika mji wa Fécamp, ikiwatangazia Waingereza kwa lugha yao. Stesheni hiyo iliishi kwa matangazo ya biashara, jambo ambalo BBC haikuliruhusu. Vita vilivyozuka 1939 vikaizima, na mwaka uliofuata Danvers-Walker akaingia Pathé.

Kazi yenyewe haikuwa nyepesi. Wapiga picha wengi walileta filamu bubu, pamoja na karatasi ya maelezo: nani huyu, ni wapi, kumetukia nini. Filamu ikakatwa na kuungwa, mwandishi akatunga maneno, na msomaji akayasoma huku picha zikipita mbele yake. Filamu hupita futi 90 kwa dakika, wala haimngojei mtu. Sisi watunzi twaijua taabu hiyo: neno likizidi mizani, ubeti umeharibika. Kisha vikatiwa muziki na vishindo, na mara mbili kila juma habari mpya zikapelekwa kwenye majumba ya sinema.

Hapo, msomaji, pana jambo la kuzingatia. Picha haijisemei, husemewa. Wakati wa vita serikali ya Uingereza ilizichungua habari hizi kabla ya kuonyeshwa. Mji uliobomolewa kwa mabomu ulionyeshwa, lakini sauti ilisisitiza ushujaa wa wakazi wake. Kwa waliokuwa wakizika wafu wao, sauti ile ilikuwa faraja. Hata hivyo, faraja nayo yaweza kufunika mengi.

Nasi Wakenya tulisemewa. Miaka ya 1950, wakati wa hali ya hatari, wapiga picha wa Uingereza walizipiga picha kambi, misako na watu waliotiwa mbaroni. Mtazamaji wa London aliwaona watu waliochuchumaa chini ya bunduki, akaambiwa kuwa ni magaidi. Waliochuchumaa hawakuulizwa neno. Lawama zote hatuwezi kumtwika msomaji, kwani maneno aliandikiwa. Lakini ni sauti yenye kuaminika ndiyo iyafanyayo maneno ya mwingine yaonekane kuwa kweli tupu.

Televisheni ndiyo iliyoziua habari za sinema, na Pathé ikazifunga mwaka 1970. Danvers-Walker hakuionea haya televisheni: tangu 1955 hata 1968 alikuwa mtangazaji katika mchezo wa zawadi wa *Take Your Pick*. Alifariki mwaka 1990.

Sauti yake ingalipo. Mwaka 2014 Pathé ilitia filamu 85,000 katika YouTube, na aliye na simu aweza kuzitazama. Nawashauri vijana wazitazame mara mbili. Kwanza waizime sauti, wawatazame watu nyuso zao. Kisha waifungulie, wasikilize wameambiwa nini. Watakapoona kuwa viwili hivyo haviafikiani, wawaulize wazee wao, maadamu wako hai.