Miguu iliyopooza inawezaje kuendesha baiskeli?

Oktoba 2016, ndani ya ukumbi mmoja mjini Kloten, Uswisi, watu waliopooza miguu walishindana mbio za baiskeli za magurudumu matatu. Hapakuwa na mota wala mtu wa kusukuma. Iliyokanyaga pedeli ni miguu yao wenyewe.

Mashindano hayo, Cybathlon, yaliandaliwa na chuo kikuu cha ETH Zürich. Mshindi alikuwa Mmarekani Mark Muhn, ambaye alipandikizwa waya za umeme ndani ya mwili. Wapinzani wake walitegemea pedi zinazobandikwa juu ya ngozi.

Umeme unafanya nini?

Ukitaka kusogeza mguu, ubongo hutuma ujumbe kupitia uti wa mgongo. Uti ukipondeka, iwe kwa ajali ya bodaboda au kuanguka kutoka juu ya mti, ujumbe unaishia hapo. Lakini mara nyingi mishipa ya fahamu iliyo chini ya jeraha, ile inayokwenda kwenye misuli, bado ni mizima. Ni kama nyumba ambayo nguzo ya umeme ya barabarani imeanguka: taa hazijaharibika, umeme ndio haufiki.

Mashine huziba pengo hilo. Hupeleka mapigo madogo ya umeme, kwa kawaida 20 hadi 50 kwa sekunde, kwenye mapaja na makalio. Mshipa ukiamshwa, msuli unajikaza. Kompyuta ndogo hufuatilia pedeli imefika wapi na kuamua msuli upi uanze na upi upumzike. Mpangilio ukikosewa, misuli ya mbele na ya nyuma ya paja inavutana na baiskeli haiendi.

Wazo hili lina umri. Mwaka 1983, Nan Davis, mwanafunzi aliyepooza kwa ajali ya gari, alitembea hatua chache kwenda kuchukua shahada yake katika Chuo Kikuu cha Wright State, Ohio, misuli yake ikiongozwa na kompyuta ya Jerrold Petrofsky. Wengi walidhani dawa imepatikana. Haikuwa dawa. Mazoezi haya hayaungi uti. Ukizima mashine, mguu unalala kama awali. (Vifaa vinavyopandikizwa kwenye uti wenyewe ni habari nyingine.)

Sasa faida ni ipi?

Msuli usiotumika hunywea haraka. Ukizoezwa hunenepa tena, damu inazunguka vizuri, na moyo nao unapata kazi. Makalio yenye nyama huulinda mfupa dhidi ya vidonda vya kukaa au kulala sehemu moja, na vidonda hivyo si jambo dogo. Mwigizaji Christopher Reeve, aliyepooza mwaka 1995 baada ya kuanguka kutoka kwenye farasi, alikuwa akitumia baiskeli ya aina hii. Alifariki Oktoba 2004 wakati akitibiwa kidonda kilichoingia maambukizi.

Mwanzoni mtu anaweza kumaliza dakika chache tu. Ubongo huzipa nyuzi za msuli zamu, lakini mashine huziamsha zile zile zote kwa pamoja, ndiyo maana huchoka upesi. Na mtu akiacha mazoezi, misuli inarudi kunywea.

Si kwa kila mtu

Kama jeraha limeua mishipa yenyewe inayokwenda kwenye msuli, kama inavyotokea kwa baadhi ya walioumia chini kabisa mgongoni, mashine haitasaidia kitu. Mifupa iliyokaa miaka bila kubeba uzito huwa dhaifu, na msuli ukikazwa kwa nguvu unaweza kuivunja. Wenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo na wajawazito hawashauriwi kujaribu.

Kwa walioumia usawa wa kifua cha juu au shingoni, shinikizo la damu linaweza kupanda ghafla. Kichwa kinagonga, uso unatoka jasho. Hapo mashine izimwe mara moja, mtu akalishwe wima na msaada wa daktari utafutwe. Kwa hiyo siku za kwanza awepo mtaalamu wa mazoezi ya viungo.

Na vile vimashine vya kubandika vinavyouzwa mitaani? Vingi ni vya kutuliza maumivu, si vya kukaza paja zima. Mtu asiyehisi miguu akijibandikia mwenyewe anaweza kuungua asijue, mpaka aone malengelenge.